Stima Si Sukari

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Dada yangu Virginia, pokea salamu zangu kabla sijaanza kulia. Wewe hujambo? Bwana yako Njiru hajambo, na mgongo wake? Antony je, ameacha kutafuna penseli? Na Ruguru mdogo wangu? Na mama mkwe wako, yule anayeomba kwa sauti mpaka majirani wanasema amina kutoka kwao? Hata ng'ombe msalimie, chai niliyokunywa huko kwenu Embu, Kianjokoma, mwezi wa nane bado naikumbuka. Sisi huku Laare tuko. Kailemia bwanangu yuko Meru mjini, analinda lile ghala la mahindi, anakuja Jumamosi akiruhusiwa. Muthomi amerefuka, suruali imebaki magotini. Sheila ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasema "thamahani". Mama mkwe Marcella mguu unamuuma kila akiona wingu. Shemeji Salesio hajambo, huyo hata homa humwogopa. Na mimi Karambu niko, roho juu juu kama unavyonijua.

Ulisema nisipige simu, kwa sababu nikipiga nalia na pesa ya simu inaisha kabla sijafika kwa maneno yenyewe. Ukasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, kisha nikuletee usome yote. Haya. Nimechukua daftari la Hesabu la Muthomi, kurasa za nyuma. Mimi niliishia darasa la tano, ukiona kosa ruka kama unavyoruka matope.

Maneno yenyewe ni stima. Boma letu lina nyumba tatu: ya Salesio, ya Mama Marcella na yangu. Mita ni moja tu, iko kwa ukuta wa Salesio, bado ina jina la marehemu baba mkwe. Kila nyumba inachanga sawa, Salesio ananunua tokeni ya stima kwa simu. Sasa tangu kikundi chetu cha akina mama kiweke kwangu ile mashine ya kuangulia mayai, Salesio anasema tokeni haikai. Ati mashine yangu "inakunywa". Ametoa neno: ikiendelea hivi, atang'oa waya wangu.

Na mayai si yangu, Virginia. Kila mama analeta ya kuku wake, na herufi yake kwa penseli juu ya ganda. Walichagua nyumba yangu kwa sababu ya uoga wangu. "Karambu akisikia panya anaamka," walisema. "Hapo mayai yako salama." Walicheka, lakini ni heshima walinipa. Sitaki kuwarudishia mayai yaliyooza na kusema shemeji alinikatia stima.

Kwa hivyo natafuta stima ya bei nafuu. Nitaitafuta mpaka niipate.

Jumanne, tarehe 7

Mawingu, hakuna mvua. Mguu wa Mama unasema kesho.

Alhamisi, tarehe 9

Mguu ulidanganya. Jua kali.

Nimepata wazo, na nilipolipata nilicheka peke yangu nikikata nyasi ya ng'ombe. Hapa Laare, kitu gani kinauzwa bei nafuu ukinunua kidogo? Hakuna. Sukari ya kupima kwa kijiko ni ghali, ya gunia ni rahisi. Miraa ya mkono mmoja ina bei yake, ukichukua bunda unapunguziwa, ukichukua gari zima unaitwa bosi. Basi stima nayo tununue kwa jumla! Tuingize Ishmael wa duka kwa mita yetu, ana friji ya soda. Tukiwa wengi, tokeni itakuwa kubwa, bei itashuka.

Nilimwambia Salesio. Alisimama kabisa. "Huyu ndiye mke wa ndugu yangu!" akasema. "Mama Muthomi, wewe ungesoma ungekuwa waziri." Mimi nikatembea nimeinua shingo mpaka jioni.

Jumapili, tarehe 12

Baada ya kanisa waya wa Ishmael umepitishwa juu ya mti wa parachichi. Friji yake inanguruma, soda iko baridi. Ametupa moja ya kushukuru, tukagawana boma zima.

Jumatatu, tarehe 13

Mvua! Asante Mungu. Mguu wa Mama ulijua, ila haukujua siku.

Jumamosi, tarehe 18

Leo mayai yameingia kwa mashine, sitini kamili, na mengine mawili nikakataa, maana mama mmoja alitaka kuyasukuma juu ya yale mengine kama abiria. Yataanguliwa tarehe nane mwezi ujao, Mungu akipenda na stima ikipenda. Kailemia alikuja. Akaangalia kioo cha mashine kwa muda, akasema, "Sasa unalala na watoto wa watu wote." Ni mtu mzuri. Sijawahi kumwona akigombana na mtu, ndiyo maana nampenda.

Jumatatu, tarehe 20

Sikukuu ya Mashujaa, watoto wako nyumbani, mvua tangu asubuhi.

Virginia, tokeni imeisha mapema kuliko zamani! Salesio alinionyesha meseji ya tokeni mpya kwa simu yake. Pesa ni ile ile tuliyonunua nayo mwezi uliopita, lakini yuniti zimepungua. Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwita Muthomi, naye akasoma hivyo hivyo. "Ni serikali," Salesio akasema. Halafu akaangalia nyumba yangu. "Na ni mashine."

Ndipo nikakuomba unitumie meseji ya tokeni yako. Wewe na Njiru mna mita yenu peke yenu, nyumba yenu ni taa na redio. Ulinunua kwa pesa kidogo sana, nikafikiri huyu atakuwa amenyongwa bei. Muthomi akagawanya kwa karatasi. Kila yuniti yako ni rahisi kuliko yetu! Nikakasirika na watu wa Embu wote. Nikasema mnapendelewa kwa sababu mnajua kujipendekeza. Nisamehe, na umwombee msamaha Njiru, ingawa hakusikia.

Jumatano, tarehe 22

Leo nimeona kitu. Nilipeleka maziwa kwa Salesio saa ile anaoga. Unajua aliweka ile shawa ya stima, inachemsha maji hapo hapo kichwani. Na akioga anaimba nyimbo za kanisa, beti zote, hata zile kwaya huruka. Mita ina taa ndogo, kataa kekundu kanakopepesa. Nilisimama nayo uso kwa uso. Salesio akiimba, kataa kanakimbia kama moyo wa kuku aliyeshikwa. Salesio akifunga maji, kanatulia, tik, kanafikiri, tik.

Na mashine yangu ilikuwa inafanya kazi wakati huo wote.

Nimerudi nyumbani mbio. Njiani nikamwaga maziwa yaliyobaki.

Ijumaa, tarehe 24

Nimekwenda Meru mjini kwa ofisi ya stima, na meseji yako kwa simu yangu, na ya Salesio nimeinakili kwa karatasi. Niliogopa mlangoni. Nikajiambia, Karambu, hawa ni watoto wa watu, wameachishwa ziwa kama wengine.

Msichana wa dirishani anaitwa Njoki. Nikamwambia nataka bei ambayo Embu wanapata. Akasema, "Mama, bei ni moja Kenya yote, ila ina ngazi." Nikamwambia aongee kama anaongea na mama yake. Akaweka kalamu chini.

Ni hivi, Virginia, na wewe pia ulikuwa hujui, usijifanye. Anayetumia stima kidogo anauziwa kila yuniti kwa bei ya chini. Akizidi kipimo anapanda ngazi ya pili, bei ya kati. Akizidi tena anafika juu kabisa. Wanaangalia jinsi mita imekula miezi iliyopita. Na mita haijui nyumba ngapi ziko nyuma yake. Inajua tumbo moja tu.

"Kwa hivyo tukiwa wengi kwa mita moja..." nikasema.

"Mnalipa bei ya tajiri," akasema Njoki. "Wote. Hata mwenye taa moja."

"Hata tukiongeza jirani?"

Akaniangalia. "Mama, mmepitisha waya kwa jirani? Hiyo hairuhusiwi, na inaweza kuchoma nyumba."

Nikasema nilikuwa natoa mfano.

Nilikaa kwa benchi nje nikacheka, halafu nikalia. Mimi ndiye nilimleta Ishmael na friji yake! Nimechukua akili ya sokoni nikaipeleka mahali ambapo soko limesimama kwa kichwa. Stima si sukari. Mwenye kununua kijiko ndiye anapunguziwa.

Nikarudi dirishani. Nikamuuliza Njoki, "Mwanamke anaweza kuwa na mita?" Akasema, "Ana kitambulisho? Basi." Na mwenye shamba akubali. Hayo tu.

Jumamosi, tarehe 25

Nimesema. Mbele ya Salesio, Kailemia na Mama Marcella, chai ikiwa mezani. Nikaanza na kosa langu la Ishmael. Nikaeleza ngazi. Nikasema kila nyumba ikiwa na mita yake, sisi watatu tunaweza kushuka ngazi, na mimi nataka yangu.

Salesio akacheka. "Unataka mita? Kwani mita ni sufuria? Mita ni mpaka! Baba aliacha boma moja, mita moja. Leo mita, kesho ua, keshokutwa unatuuliza tunapita wapi."

"Shemeji, mimi sitaki mpaka. Nataka stima ya bei yangu."

"Toa mashine, bei itashuka."

Nikasema, Virginia, sijui mdomo ulitoka wapi: "Mashine haiimbi. Wewe punguza beti moja, utaona kama tokeni haitakaa."

Mama Marcella akaweka kikombe mdomoni na hakukunywa, mabega yake yakawa yanatikisika. Salesio akawa mweusi usoni. "Umekuwa ukinichungulia nikioga?"

"Nachungulia mita. Wewe unasikika mpaka Maua."

Nikamngojea Kailemia aseme neno. Akasema, "Mama Muthomi, tungoje kidogo. Nitaongea na ndugu yangu polepole." Polepole! Wiki iliyopita nimeandika hapa kwamba nampenda kwa sababu hagombani. Leo nimeisoma hiyo mistari na nikaona kwamba asiyegombana, kuna mtu mwingine anagombana kwa niaba yake, na huyo ni mimi.

Jumapili, tarehe 26

Hatukusalimiana kanisani. Mvua kubwa.

Jumanne, tarehe 28

Ishmael amejitoa mwenyewe baada ya mimi kumwambia habari ya moto. Amelaani, halafu akaniuliza na yeye aombe vipi mita yake.

Ijumaa, tarehe 31

Nimewasha tochi nyuma ya mayai. Kuna mishipa, na kitu cheusi kinaruka. La Mama Kinya limekufa, nimelitoa. Mengine yako.

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Naandika mikono ikinuka manyoya na moshi. Siku hii sitaisahau.

Nilitoka kukata nyasi, mvua inanyesha, nikaingia ndani na nikasikia kimya. Mashine huwa inavuma kama mtu anayenong'ona. Kimya. Nikafikiri tokeni imeisha. Lakini kwa Salesio televisheni ilikuwa inaongea.

Nilikwenda mbio bila viatu. Waya wangu ulikuwa umening'inia ukutani, mdomo wake umefungwa na karatasi ya nailoni, vizuri kabisa. Alikuwa na wakati wa kuufunga vizuri.

"Shemeji! Rudisha waya!"

Akatokea mlangoni na taulo begani. "Si ulitaka mita yako? Ngoja ifike."

"Mayai yana vifaranga ndani. Yana miguu! Ni ya watu!"

"Waambie hao watu waje wachange tokeni."

"Nimechanga! Nimechanga sawa na wewe, na ninaoga kwa karai!"

"Mama Muthomi, nenda nyumbani, utashikwa na baridi." Kwa upole, Virginia, kama anaongea na Sheila. Huo upole ndio ulinichoma. Nikamwambia, nikiwa nimelowa mpaka mifupa, "Wewe umeng'oa waya mmoja. Mimi nitaweka mwingine, na hutapata pa kuushika."

Lakini maneno hayapashi mayai moto. Nikarudi. Nikayashika, bado yalikuwa na joto kidogo. Nikaanza kulia kwa sauti, na Mama Marcella akaingia akiburuta mguu.

"Unalilia mayai kama umeyataga wewe," akasema. "Leta kikapu."

Kile kikapu cha kuivishia githeri, chenye mito ndani, kile tulifundishwa na kikundi, ukifunga sufuria humo inaiva bila moto. Nikaelewa. Tukachemsha maji, tukatia kwa chupa, tukafunga chupa kwa leso, mayai katikati, mito juu. Mama akaweka shavu lake juu ya yai kupima joto, kama anapima mtoto. Mwanamke huyu, kwa miaka yote niliyoolewa hapa, sijamsikia akinisifu hata chapati. Nilikuwa nimemwandika moyoni mwangu kuwa ni ukuta. Sasa ukuta ulikuwa umepiga magoti kwangu.

Halafu akasema, "Nibebee kikapu. Tunakwenda kwa Salesio."

"Kufanya nini, mama?"

"Kwangu ni baridi, kwako ni baridi. Stima iko huko."

Akaingia kwa mtoto wake, akakaa kwa kile kiti kikubwa kilicho karibu na mlango wa bafu, kikapu mapajani. Salesio akasema, "Mama, karibu. Chai?"

"Sinywi. Kuku akiatamia hali sana."

"Mama, nataka kuoga niende Maua."

"Oga. Nani amekukataza?"

Na unajua vile mambo yetu yalivyo. Mwanaume mzima, mama yake amekaa mlangoni mwa bafu, hawezi kupita na taulo. Alizunguka. Akaenda nje, akarudi. Jirani mmoja akaja kumwona, akauliza Mama anafanya nini hapo. "Naatamia," Mama akajibu. "Mtoto wangu amekuwa maskini wa stima." Mwingine akaja. Habari ilikuwa imefika sokoni. Chupa zikipoa mimi nabadilisha, napita mbele ya Salesio bila kumwangalia, naacha matope kwa sakafu yake, na sikufuta.

Kabla giza halijaingia alichukua ngazi na bisibisi. "Mpaka yaanguliwe tu," akaniambia. "Baada ya hapo, kila mtu kivyake."

"Amina," nikasema. "Ndiyo maombi yangu."

Mashine inavuma sasa. Sijui ndani kama kuna uhai. Tochi naogopa kuiwasha.

Jumanne, tarehe 4

Nimeiwasha. Wanaruka. Si wote.

Alhamisi, tarehe 6

Mvua. Ukungu mpaka mlangoni. Hakuna anayeimba kwa Salesio.

Jumamosi, tarehe 8

Virginia, wameanza kulia ndani ya maganda! Sheila aliweka sikio kwa kioo akasema, "Wanathema." Mpaka jioni arobaini na wanane walikuwa wamesimama. Akina mama walijaa hapa, kila mtu anatafuta ganda lenye herufi yake, na vifaranga vyenyewe havina herufi, wakaanza kugombania vile vyeusi. Nilipiga kofi nikagawa mwenyewe. Hakuna aliyenibishia. Nilishangaa sauti yangu.

Kailemia alikuja usiku umeingia. Nilimpa chakula na sikumpa maneno. Akala, akasema akiangalia sahani, "Habari ilifika ghala. Mtu aliniuliza kama ni kweli mama yangu anaatamia mayai kwa sababu mtoto wake wa pili ni mwoga."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi ndiye mtoto wa pili."

Kisha akatoa mfukoni fomu ya mita. Alikuwa ameichukua mwenyewe kwa ofisi.

Jumatatu, tarehe 10

Tumekwenda Meru, mimi na Mama Marcella, maana shamba liko kwa jina lake sasa. Salesio alisimama njiani na kusema, "Mama, huwezi kuweka kidole bila kuniuliza."

Mama akamwambia, "Mimi ndiye nilikuzaa. Siku ile sikukuuliza."

Akaweka kidole. Wino ulibaki, hakutaka kunawa mpaka jumuiya ya kanisa ya Jumatano ipite, wamwone.

Jumatano, tarehe 19

Bado. Mvua imebomoa barabara ya chini. Nikipiga simu wanasema ngoja. Nangoja, lakini nangoja nimesimama.

Jumanne, tarehe 25

Wamepima nguzo. Salesio alitoka kuwaonyesha mahali pabaya, Mama akatoka kuwaonyesha mahali pazuri.

Ijumaa, tarehe 28

IMEWEKWA. Iko kwa ukuta wangu, na ile bodi ndogo yenye swichi. Nilinunua tokeni ya kwanza kwa simu yangu. Meseji ikaja na jina: KARAMBU. Hakuna mke wa fulani, hakuna marehemu fulani. Na nikamwita Muthomi, akagawanya kwa karatasi. Bei yangu na yako, Virginia, ni moja. Ngazi ya chini kabisa. Nimekaa nikitazama kataa kekundu. Tik. Kanafikiri. Tik.

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili

Mvua imepungua, na daftari limefika mwisho, kwa hivyo nisikilize vizuri.

Salesio sasa analipa peke yake. Asubuhi ya jana nilikuwa nafua, nikamsikia akianza kuimba, beti ya kwanza, na maji yakafungwa. Nikangoja beti ya pili. Haikuja.

Leo amekuja mwenyewe hadi mlangoni na trei ya mayai. "Shemeji," akasema, akiangalia kuku wangu badala yangu, "hii ni ya Maxine, binti yangu. Anataka kujifunza kufuga. Usiandike S. Andika M." Nikachukua penseli nikaandika M, yote, mbele yake. Nikamuuliza kama njia bado inapitika kati ya nyumba zetu, au ameona mpaka. Akacheka kidogo. "Wewe mwanamke," akasema.

Lakini hili ndilo nataka ujue. Njoki aliniambia nikitaka kubaki ngazi ya chini niwashe mashine mwezi mmoja, mwezi mwingine niiache baridi. Kailemia naye anasema hivyo hivyo, polepole. Nimefikiri. Nimepigania hiyo bei ya wadogo msimu mzima, nimelowa kwa ajili yake, nimemfanya mama mkwe wangu kuwa kuku. Sasa ninayo mkononi, na nimeamua kuiacha. Wanawake wa Maua wameuliza. Kikundi kinataka mashine ya pili. Nitapanda ngazi ya kati, Virginia, lakini nitapanda kwa miguu yangu, na kila yuniti nitakayolipia itakuwa imetoka na manyoya. Si kwa maji ya moto ya mtu mwingine. Mtu akiniambia rudi chini ni rahisi, nitamwonyesha mita, asome jina.

Roho bado iko juu juu, usidhani nimepona. Lakini nataka mayai ya wale kuku wako wekundu wa Kianjokoma. Daftari hili na trei tupu ninampa dereva wa lori la viazi, Munyi, mtu wa kuaminika ila anapenda kusimama njiani. Yapange vizuri, yote uyaandike V, na usimpe Munyi akiwa ana haraka. Salimia Njiru, Antony, Ruguru, mama mkwe na ng'ombe. Na unijibu haraka, leo hii hii ukipata: yanakuja mangapi, na siku gani? Nimeshawasha mashine. Inapata joto ikingoja yako.

Ni mimi Karambu, wa mita.